Jumapili ya Diani ni bure, lakini kichochoro cha kufika ufuoni ndicho siasa

UKITAKA kujua utajiri wa kijana wa Kwale, usimuulize ana shilingi ngapi kwenye simu. Muulize Jumapili jioni huwa wapi.

Kuanzia saa 9 alasiri, pale Ukunda inapoanzia barabara ya kushuka Diani, utaona bodaboda zimebeba watatu watatu, tuktuk zimejaa akina dada waliopaka hina, na makundi ya vijana wanaotembea kwa miguu, ndala mkononi, mpira kwapani. Kuna waliotoka Bongwe, kuna wa Mvindeni, kuna wa Kona ya Musa. Hakuna aliyenunua tiketi. Wote safari yao ni moja: baharini.

Sasa fikiria mwenzako wa Nairobi. Yeye huweka akiba miezi kadhaa, akapanda SGR hadi Miritini, akavuka feri Likoni au akazunguka Dongo Kundu, ili tu aje akanyage mchanga huu huu. Akifika anapiga picha mia mbili. Wewe unaukanyaga kila wiki na hata huuoni tena. Ndivyo binadamu alivyo, kitu cha bure hukizoea haraka.

Na si mchanga pekee. Ukiwa na noti ya mia moja ufuoni, wewe ni bwana mkubwa. Kuna viazi karai vya moto vilivyomwagiwa ukwaju. Kuna muhogo wa kukaanga, umepasuliwa katikati ukatiwa pilipili na ndimu hadi machozi yanakutoka na bado unaongeza. Kuna achari za maembe, kuna mabuyu ya kupaka ulimi rangi nyekundu. Chenji ikibaki unachangia dafu na rafiki yako, mnapokezana kama watoto. Hoteli iliyo nyuma yenu inauza raha hiyo hiyo kwa bei ambayo heri tusiitaje.

Halafu kuna mpira. Hapa ndipo mtu wa pwani hujitofautisha na wengine wote, kwa sababu uwanja wake haukujengwa na kaunti wala mfadhili. Umetandazwa na bahari yenyewe, na bahari huja kuuchukua.

Wanaocheza kwenye mchanga wanaijua hesabu ya mwezi kuliko walivyoijua hesabu ya darasani. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, hizo ni siku za bamvua: maji hupwa mbali mno na hujaa juu mno, tofauti ya zaidi ya mita 3 kati ya kupwa na kujaa. Katika pwani yetu, siku hizo maji hujaa mwendo wa saa 10 jioni, saa ile ile ambayo kijana wa Jumapili anataka kupiga mpira. Kwa hiyo mechi ya bamvua huchezwa asubuhi, mwendo wa saa 4, wakati mchanga ni mpana na mgumu kama sakafu. Wiki moja baadaye mwezi ukiwa nusu, maji yanakuwa mafu na saa zinageuka: jioni ndiyo yamepwa. Kila siku maji huchelewa karibu dakika 50 kuliko jana. Kwa hiyo ratiba ya ligi hii huitafuti gazetini. Unatazama juu usiku, unajua kesho mtakutana saa ngapi.

Kuna raha nyingine ambayo wageni huikosa kwa kutojua. Wengi hufika jioni na kamera wakisubiri jua lizame baharini. Watasubiri sana. Ufuo wa Diani unatazama mashariki. Jua letu huzama nyuma ya minazi, upande wa Shimba Hills. Mwenyeji anajua kwamba picha ya kweli ni ya alfajiri. Au ni ile ya mwezi mpevu, ambao huchomoza kutoka majini wakati jua linapotua mgongoni kwako. Kaa pale dakika 20 tu, bila simu. Kama mna mambo yenu ya mapenzi, hapo hakuna haja ya kuongea sana.

Haya yote ni starehe ndogo ndogo, utasema, na siasa imeingilia wapi? Imeingilia njiani.

Ili ufike ufuoni lazima upite mahali. Kati ya barabara ya Diani na bahari kuna mstari mrefu wa hoteli, nyumba za likizo na ploti zilizozungushiwa kuta, ukiendelea kilomita nyingi kutoka upande wa Kongo hadi Galu. Katikati ya kuta hizo ndimo mlimo vichochoro vya umma. Vingine vina upana wa gari, vingine vya watu wawili kupishana. Juu yake mbega wanavuka barabara kwa ngazi za kamba walizofungiwa na shirika la Colobus Conservation, lililoanzishwa Diani mwaka wa 1997. Mbega wa Diani wana njia yao iliyotengwa na inayokaguliwa. Wewe je, yako inakaguliwa na nani?

Malalamiko ya njia za baharini kuzibwa si mapya kusini mwa Pwani. Na kichochoro hakipotei kwa siku moja. Kwanza huwekwa geti, mnaambiwa ni kwa usalama wa kila mtu. Hakuna ubaya, geti liko wazi. Kisha anawekwa soja, naye kazi yake mwanzo ni kuamkua tu. Mwaka ujao soja anauliza unaenda wapi. Baadaye anauliza unaenda kwa nani. Mwisho geti linafungwa saa 12 jioni, halafu linafungwa Jumapili, halafu siku moja unakuta ukuta umepakwa rangi na maua ya bogenvilia yanaupamba. Kufikia hapo watoto waliozaliwa mwaka ule geti lilipowekwa wanadhani palikuwa hivyo tangu zamani.

Sheria inasema nini? Katiba ya 2010, Ibara ya 62, inaorodhesha ardhi ya umma. Ndani yake kuna barabara na njia zilizowekwa kisheria, na kuna ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa. Kwa maneno mengine, ule mchanga unaocheza mpira ni mali yako. Si wa hoteli, si wa mwenye jumba, si wa gavana. Ni wako na wangu.

Lakini ebu rudi kwenye ile hesabu ya mwezi. Mali yako hiyo iko kati ya kupwa na kujaa. Saa 10 jioni siku ya bamvua, mali yako iko chini ya maji! Maji yakigonga kuta, huna ufuo wa kutembea. Aliyekuwa ametembea mbali anajikuta katikati, ukuta huku, mawimbi kule, na kinachomtoa ni kichochoro kilicho karibu. Kikiwa kimezibwa, atarudi alikotoka ndani ya maji au atamwomba soja huruma. Ndiyo maana haki ya ufuo bila njia ya kuufikia ni kama kupewa nyumba bila mlango. Watu hubishana kuhusu bahari, na wanaonyang'anya wala hawaigusi bahari. Wanachukua mita 3 za njia.

Na anayekosa njia si mcheza mpira peke yake. Mgodi wa Base Titanium ulisimamisha uchimbaji Desemba 2024, na ajira alizokuwa nazo kijana wa Msambweni zikapungua tena. Wengi riziki yao sasa iko pale pale ufuoni: muuza leso na vinyago, mwenye ngamia wa kupandisha watoto, nahodha wa mashua ya kupeleka watalii mwambani, mabichiboi wanaosalimia kwa Kijerumani na Kiitaliano safi kuliko wanafunzi wa chuo. Ukienda kusini zaidi, Gazi hadi Msambweni na Shimoni, kuna wavuvi wanaoteremsha samaki, na kuna mama karanga wanaowangoja na makarai yao. Samaki hapandi ufuoni kwa ndege. Hubebwa kichwani kupitia kijia ambacho pengine hakiko kwenye hati ya mtu yeyote anayekijali. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji azunguke nyuma.

Haki lazima isemwe pande zote. Mwenye hoteli naye ana hoja. Ameajiri vijana wa hapa, analipa kodi, na mgeni wake akiibiwa simu kwenye kichochoro chenye giza, habari inafika Ulaya kabla ya polisi kufika hapo. Wazee wa Likoni na Ukunda wanakumbuka Agosti 1997, ghasia zilipozuka Likoni kabla ya uchaguzi, hoteli zikabaki tupu na wapishi wakarudi nyumbani kulima. Aliyeumia wa kwanza alikuwa kijana wa hapa. Kwa hiyo usalama si kisingizio tu. Lakini dawa ya kichochoro chenye giza ni taa, si ukuta. Na taa moja ya barabarani ni kitu cha kudai kwenye bajeti ya kaunti, si cha kuombea msikitini na kanisani pekee.

Hapo ndipo tunarudi maskani. Nenda maskani yoyote ya Ukunda magharibi, kahawa tungu ikipita na kashata, utasikia siasa hadi usiku wa manane. Nani anafaa kurithi kiti cha Fatuma Achani, mwanamke wa kwanza kuwa gavana wa Kwale. Kama Salim Mvurya, gavana wa miaka 10 kabla yake, atarudi nyumbani au atabaki serikalini Nairobi. Nani kahama chama, nani kapigiwa simu na Ikulu. Watu wanajua kila kitu kuhusu watu. Uliza sasa: kichochoro cha tatu baada ya njia panda kilifungwa lini na kwa barua ya nani? Kimya. Mtu anaagiza kahawa nyingine.

Wanasiasa wanalijua hilo. Ndiyo maana kila uchaguzi ukikaribia, zawadi yao kwa vijana ni ile ile: mipira mitano, jezi seti mbili zenye jina la mheshimiwa mgongoni, na kombe la plastiki linalong'aa. Wanakuja kwenye fainali, wanapiga mkwaju wa kwanza wakiwa na viatu vya ngozi, wanapigwa picha, wanaondoka. Jezi tunashukuru, ni nguo. Lakini jezi hupauka ndani ya mwaka mmoja. Uwanja uliosajiliwa kwa jina la umma, au njia iliyowekewa alama ya saruji, itamkuta mjukuu wako. Angalia pia kinyume chake: Mvurya huyo huyo aliteuliwa Waziri wa Masuala ya Vijana na Michezo mwishoni mwa 2024, na bado vijana wengi wa kaunti yake wanacheza kwenye kiwanja kinachofutwa na maji mara mbili kwa siku.

Usiniambie kura ya kijana haina uzito. Eneo bunge la Msambweni, lenye Ukunda na Diani ndani yake, lilitoa funzo kwa Kenya nzima Desemba 15, 2020. Katika uchaguzi mdogo ulioitishwa baada ya kifo cha mbunge Suleiman Dori, Feisal Bader aliyekuwa mgombea huru alipata kura 15,251 na kumshinda Omar Boga wa ODM aliyepata 10,444, tena katika ngome iliyodhaniwa haiguswi. Pengo lilikuwa chini ya kura 5,000. Na zaidi ya nusu ya waliojiandikisha hawakutokea kabisa. Hebu piga hesabu. Jumapili moja ya Idi, ufuo wa Diani hujaa vijana ambao, wangeamua jambo moja, mgombea yeyote angelibeba jambo hilo kichwani kama kapu la samaki.

Tena uwezo wa kusoma nyaraka tunao. Juni 2024 vijana nchi nzima waliusoma Mswada wa Fedha kipengele kwa kipengele, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakauelezea kwenye TikTok, hadi Rais Ruto akakataa kuutia saini. Kizazi kilichosoma mswada wa kodi hakiwezi kushindwa na ramani ya ploti. Ramani ya upimaji inaonyesha kila kichochoro cha umma kilipo na upana wake. Kuiomba si uhasama. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma ikujibu ndani ya siku 21. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakuruhusu kupeleka ombi rasmi kwa bunge la kaunti, hata kama huna shati la tai wala mjomba serikalini.

Na kuna tarehe mbili za kuandika nyuma ya simu. Kila mwaka, kufikia Septemba 1, serikali ya kaunti hupeleka kwa madiwani mpango wake wa maendeleo wa mwaka unaofuata. Kufikia Aprili 30 inapeleka makadirio ya bajeti. Kabla ya hapo huitishwa vikao vya wananchi kutoa maoni, mara nyingi siku ya kazi asubuhi, kwenye ukumbi ambao utakuta wazee kumi na mabango mawili. Siku hiyo hiyo maskani imejaa. Taa ya kichochoro, choo cha umma ufuoni, alama za saruji kwenye njia, hivi ndivyo vitu vinavyokufa kwenye ukumbi ule kwa sababu hakuna aliyevitaja.

Kama unaona hizi ni ndoto, teremka hadi Gazi. Pale jamii ya wavuvi na akina mama iliamua kwamba mikoko si kuni tu. Kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza kuuza hewa ya kaboni mwaka wa 2013, wakazi wa Gazi na Makongeni wanalinda msitu wao wa mikoko na pesa zinazopatikana zinaenda kwenye maji na shule, kwa uamuzi wao wenyewe. Akina mama wa Gazi wana njia yao ya mbao inayopita ndani ya mikoko, mgeni analipa kuitembea. Hawakungoja mheshimiwa. Walikaa kikao, wakaandikisha kikundi, wakajua mpaka wa kitu chao unaanzia wapi na unaishia wapi. Kijana wa Diani hana msitu wa mikoko, lakini ana vichochoro, na vichochoro pia vina mipaka.

Hakuna anayekuambia uache Jumapili yako uende kupiga kelele na mabango. La hasha. Starehe ndogo zinataka ziachwe ziwe starehe. Kula viazi vyako. Cheza mpira wako. Kaa na mpenzi wako mtazame mwezi ukitoka majini. Hayo mambo ndiyo yanayomfanya mtu apende kwao, na asiyependa kwao hawezi kupatetea.

Ila kuna mchezo mmoja mdogo wa kuongeza, hauhitaji jezi. Jumapili ya maji mafu, wakati bahari imepwa jioni, chukua wenzako watatu mtembee mchangani kutoka Kongo kuelekea Galu. Kila mkikuta kichochoro, piga picha, andika: kiko wazi, kina geti, kina soja, kimezibwa. Mkichoka kaeni mle muhogo, mwendelee wiki ijayo. Mkimaliza mtakuwa na orodha ambayo pengine hata ofisi zinazohusika hazijaiandika. Halafu mgombea wa 2027 akija na mipira yake mitano, mpokeeni vizuri, mkaribisheni kahawa, kisha mtoleeni orodha mumuulize aanze na njia gani. Uchaguzi ni Agosti 10, na siku hiyo mwenye kitambulisho na aliyejiandikisha ndiye atakayekuwa na la kusema.